Sakafu Ilipoanza Kupanda

Mwezi Septemba 2002, kwenye vilima vya Conca de Barberà, mkoani Tarragona nchini Hispania, handaki la Lilla lilikuwa limeshatobolewa kutoka mdomo mmoja hadi wa pili. Lina urefu wa kilomita 2 na ushei, na ni sehemu ya reli ya mwendo kasi itokayo Madrid kwenda Barcelona. Mwamba ulipasuliwa kwa baruti, nusu ya juu kwanza kisha ya chini, kama ilivyo desturi. Paa likashikizwa kwa zege la kurushia na nanga za chuma, likavishwa ganda la zege, na mwisho ikamwagwa sakafu bapa ya kupokea reli. Paa lilitulia. Kuta zilitulia. Sakafu ndiyo iliyosogea, tena kwenda juu.

Mwanzoni zilikuwa milimita za kubishaniwa na wapimaji. Zikawa sentimita, na katika sehemu zilizoumia zaidi zikawa makumi ya sentimita. Zege likapasuka, mifereji ya maji ikaharibika. Treni inayokimbia karibu kilomita 300 kwa saa haivumilii reli iliyopanda hata milimita chache, na hapa ardhi ilikuwa inaota kilima ndani ya shimo.

Kisa cha Lilla wanakijua wahandisi wengi wa miamba, na mara nyingi husimuliwa kama kisa cha mwamba mkorofi. Mwamba ulikuwa mkorofi kweli. Lakini kijana anayeketi mbele ya kompyuta leo, akachora duara, akalizungushia mwamba uliokatwakatwa katika pembetatu elfu kadhaa na kubonyeza kitufe cha kukokotoa, atafaidika zaidi akikisoma upande mwingine. Ajiulize ni kitu gani modeli yake inakijua, na ni kitu gani ameiambia yeye mwenyewe kisha akakipokea kutoka kwake kama habari mpya.

Tuanze na umbo, maana umbo la handaki husomeka kama maandishi. Mhandisi anayejenga paa kwa tao na sakafu kwa bamba bapa ametamka imani yake: mzigo utatoka juu na ubavuni, na chini hakuna adui. Tao hubeba mzigo kwa kubanwa, na kubanwa ndiko zege linakokuweza. Bamba bapa likisukumwa kutoka chini hupinda, na kupinda ndiko zege linakokushindwa. Katika mwamba mgumu imani hiyo huwa sahihi kabisa, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa kwa kuwa nayo. Na mwamba wa Lilla, kwa kuutazama, ulikuwa mgumu: mwamba wa mfinyanzi wa enzi ya Eosini, mkavu, umeshikamana, umepenywa na mishipa ya jasi na anhidraiti. Madini ya mfinyanzi yaliyokuwamo hayakuwa hata ya ukoo unaosifika kwa kuvimba, ule wa smektaiti, ambao ndio ulio katika udongo mweusi wa mbuga zetu na unaopasua vibaraza vya nyumba kila masika. Mtu aliyezoea kuuogopa mfinyanzi angepita Lilla bila kushtuka.

Hatari ilikuwa kwenye anhidraiti. Hii ni salfeti ya kalsiamu isiyo na maji. Ikipata maji hugeuka jasi, ileile ya dari na ya hogo la aliyevunjika mfupa. Anhidraiti ikigeuka jasi palepale ilipo, bila chochote kuchukuliwa na maji, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 61. Lakini haigeuki palepale kwa urahisi hivyo. Eduardo Alonso wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Katalonia na wenzake, Iván Berdugo na Anna Ramon, waliokichunguza kisa hiki kwa miaka, walieleza njia nyingine. Katika joto la kawaida la ardhini anhidraiti huyeyuka katika maji zaidi kuliko jasi. Kwa hiyo maji yaliyoshiba anhidraiti yanakuwa yamezidiwa na jasi, nayo yanaitema kama fuwele ndani ya nyufa. Fuwele hukua na kuutanua ufa, kama mzizi wa mwembe unavyoinua sakafu ya baraza. Ufa ukishatanuka hupitisha maji mengi zaidi, maji huleta fuwele zaidi, na mchezo unaendelea.

Angalia basi handaki limefanya nini. Mwamba ule ulikaa mamilioni ya miaka bila kuvimba kwa sababu ulikuwa umebanwa na maji hayakuwa na pa kupita. Kuchimba kunauondolea mzigo sakafuni, nyufa zilizofumba zinafumbuka, maji yanapata mahali pa kukimbilia, na hewa ya handaki inayakausha na kuzidisha chumvi ndani yake. Shimo lenyewe ndilo linalotengeneza mazingira ya kuvimba. Modeli inayochukua mwamba kama ulivyokutwa na kuuliza kama utastahimili haina habari hiyo, ila iambiwe.

Habari ya namna hii haikuwa ngeni mwaka 2002. Uswisi ilifungua handaki la msingi la Hauenstein, la reli, lenye urefu wa kilomita 8 na kidogo, mwaka 1916, na miaka michache tu baadaye ilibidi mafundi warudi kutengeneza sehemu zilizosukumwa na miamba inayovimba. Tangu hapo milima ya Jura imekuwa darasa la wachimbaji mahandaki, na ada yake imekuwa kubwa. Huko ndiko ilikozaliwa kanuni ambayo mpaka leo imo ndani ya programu nyingi za kukokotoa mwamba unaovimba. Inafaa kuifungua tuione ndani, kwa sababu wanafunzi wengi huitumia bila kuijua.

Mwaka 1970 wahandisi Huder na Amberg walieleza jaribio lao la maabara. Unachonga kipande cha mwamba, unakitia ndani ya pete ya chuma isiyopanuka, unakibana, kisha unamwagia maji. Kinataka kuvimba, lakini pembeni hakuna nafasi, kwa hiyo kinaelekea juu. Unapunguza mzigo hatua kwa hatua, na kila hatua unangoja kitulie, unaandika kimepanda kiasi gani. Mwaka 1972 mhandisi Grob, akishughulikia handaki la barabara la Belchen katika Jura hiyohiyo, aliyaweka matokeo ya namna hiyo katika sentensi moja ya hesabu: mwamba huvimba kulingana na logarithimu ya shinikizo. Kwa lugha ya kawaida, kila ukipunguza shinikizo mara kumi, mwamba huongezeka kwa kiasi kilekile.

Sentensi hiyo ina matokeo yanayoshangaza, na njia nzuri ya kuyaona ni kukokotoa kwa mkono kabla ya kuwasha mashine. Tuseme mwamba fulani unaacha kabisa kuvimba ukibanwa kwa megapaskali 2, na kwa kila mara kumi unayopunguza unaongezeka asilimia 3. Tuseme tena tabaka linalovimba chini ya sakafu lina kina cha mita 5. Ukimwaga bamba la zege la nusu mita na kutegemea uzito wake tu, linabana mwamba kwa megapaskali 0.0125, na hesabu inasema sakafu itapanda kama sentimita 33. Mhandisi anaogopa, anaongeza zege maradufu, mita nzima. Sakafu itapanda sentimita 28 na nusu. Amemwaga zege mara mbili akaokoa sentimita nne na nusu! Huo ndio ubaya wa logarithimu: mzigo wako ukiwa bado mdogo mwamba hauujali, na ukitaka kuuzuia kweli inakubidi upande hadi megapaskali, si kilopaskali.

Nimewaona watu wakijadiliana kwa saa nzima kama ganda liwe la sentimita 50 au 60, wakati namba ya asilimia 3 waliyoingiza ilitoka kwenye vipande vichache vya mwamba. Iweke 6 badala ya 3, na mwinuko unakuwa maradufu. Hakuna unene wa zege utakaofuta kosa hilo.

Baadaye kanuni ya Grob ilipanuliwa ili ifanye kazi pande zote tatu na iingie kwenye programu za elementi, zile zinazoukatakata mwamba katika pembetatu. Georg Anagnostou alichapisha mwaka 1993 modeli inayounganisha kuvimba na mwendo wa maji. Huko Graz, Austria, Schädlich, Marcher na Schweiger waliandaa modeli inayotumiwa na wengi, wakaijaribu kwa vipimo vya handaki la Pfänder karibu na Bregenz, ambalo sakafu yake ilipanda baada ya ujenzi wa tyubu ya kwanza. Modeli ya namna hii huomba mambo matatu ya msingi: mwamba unaongezeka kiasi gani kwa kila mara kumi, ni shinikizo gani linalouzima kabisa, na unavimba upesi kiasi gani. Ni kazi nzuri na ya uaminifu. Kwa mwamba wa mfinyanzi, ambako maji hujipenyeza kati ya vijani vya madini mpaka yakatosheka, inaeleza vizuri kinachoonekana.

Jambo la tatu, lile la upesi, ndilo linaloniletea hofu, na ndilo ambalo kisa cha Lilla kinalifundisha kuliko kisa chochote ninachokijua.

Katika modeli hizo kasi ya kuvimba leo ni sehemu ya kile kilichobaki kufikia kikomo. Mwanzoni kimebaki kingi, kwa hiyo mwendo ni wa haraka. Kadiri siku zinavyopita kinapungua, mwendo unalegea, mchoro unapinda na kulala. Sasa chukua vipimo vya sakafu inayopanda kwa mwaka mmoja. Viingize, kisha iambie programu itafute namba zitakazofanya mchoro wake upite juu ya nukta zako. Itazipata. Nukta zikiwa zimenyooka mstari bila dalili yoyote ya kulegea, bado itazipata: itachagua kikomo kilicho mbali na mwendo wa taratibu, mchoro utalala juu ya nukta zote vizuri, na mbele yake utaonyesha siku sakafu itakapotulia. Mkandarasi atafurahi, mwenye mradi atafurahi, ripoti itakuwa na picha ya rangi. Lakini kutulia kule hakukutoka kwenye mwamba. Kulikuwamo ndani ya kanuni tangu siku ilipoandikwa, na kanuni hiyo haiwezi kuchora kitu kisichotulia hata ikibembelezwa.

Katika Lilla sakafu haikuonyesha dalili ya kutulia. Na ukifikiri kuhusu fuwele, kwa nini itulie? Mfinyanzi unakunywa mpaka unashiba. Fuwele za jasi zinaendelea kuota maadamu kuna anhidraiti ya kuyeyuka, maji ya kuibeba na ufa wa kuzipokea. Kikomo chake hakiko katika kipande cha mwamba ulichokitia kwenye pete. Kiko katika njia za maji za kilima kizima. Ndiyo maana jaribio la maabara kwa anhidraiti ni mtego wa pekee. Kipande kizima kisicho na ufa huchukua maji polepole mno, jaribio linaweza kwenda miaka bila kufika mwisho, na mradi haungoji. Mtu mwenye haraka atachukua thamani ya miezi michache na kuiita ya mwisho.

Kuna hesabu nyingine ya mkono ambayo kisa hiki kiliivuruga. Wahandisi wengi hujipa moyo kwamba mwamba hauwezi kusukuma kwa nguvu kuliko uzito wa kilima kilicho juu yake, kwa kuwa ungekinyanyua kilima chenyewe. Kila mita 40 za mwamba huzaa takriban megapaskali 1. Juu ya Lilla, pale kilima kilipo kirefu zaidi, kuna mita kama 110, sawa na megapaskali 2.75. Walipojenga sehemu za majaribio, wakafunga sakafu kwa tao lililopinduliwa na kuweka vipimashinikizo chini yake, walisoma megapaskali 4 na zaidi. Uzito wa kilima haukuwa dari. Sakafu ni ukanda mwembamba, na mwamba wa pembeni una nguvu zake za kuushikilia ukanda huo usinyanyue kilima chote. Kwa hiyo shinikizo linaweza kujikusanya mahali padogo na kupita ule uzito uliouamini. Modeli ya elementi inaweza kuonyesha jambo hili vizuri sana, kwa sharti kwamba aliyeitengeneza hakuifunga mapema kwa kuweka uzito wa kilima kama kiwango cha juu cha kuvimba.

Walichofanya mwishoni ni kuliacha kabisa umbo la kiatu cha farasi, lile la paa la tao na sakafu bapa. Handaki lilijengwa upya kwa duara kamili, zege imara lenye nondo nyingi pande zote, sakafu ikiwa tao sawa na paa. Sababu unaweza kuipata kwenye bahasha. Chukua duara lenye nusukipenyo cha mita 6, lisukume pande zote kwa megapaskali 4, ulipe ganda la unene wa mita 1. Zege linabanwa kwa megapaskali 24. Zege la daraja la 25, tunalolimwaga sana kwenye maghorofa yetu, lingekuwa ukingoni kabisa bila akiba yoyote. Ndiyo maana palihitajika zege bora zaidi. Na hapo tumedhani mwamba unasukuma sawasawa pande zote, jambo ambalo kamwe haulifanyi. Unapenda kusukuma chini kuliko ubavuni, na tofauti hiyo inaleta kupinda hata kwenye duara. Fedha na muda vilivyokwenda huko ni vingi. Kipande cha reli kutoka Lleida hadi Camp de Tarragona kilianza kupitisha abiria Desemba 2006, na Barcelona ikafikiwa Februari 2008.

Karibu na Lilla, kwenye reli ileile na miamba ya ukoo mmoja, yalichimbwa mahandaki mengine mawili, Camp Magré na Puig Cabrer. Hayakupatwa na balaa la ukubwa huo. Hapa ndipo penye adabu kwa kila anayejaza jedwali la tabia za mwamba: ukiandika jina la mwamba na namba zake tu, mahandaki yote matatu yanaweza kuonekana ndugu. Yanatenganishwa na nyufa na maji, vitu ambavyo havimo kwenye jedwali.

Tena balaa halikuishia handakini. Jirani na Lilla kuna daraja la reli la Pont de Candí, linalovuka bonde juu ya nguzo ndefu zilizosimikwa juu ya marundo ya zege yaliyozamishwa ardhini. Nguzo za katikati zikaanza kupanda pamoja na reli iliyo juu yake. Uchunguzi wa Alonso na Ramon ulionyesha kwamba tabaka lililokuwa likivimba liko chini zaidi ya ncha za marundo, na kwamba jasi ilikuwa ikiota humo ndani. Hakuna aliyechimba handaki pale. Yalichimbwa matundu ya misingi tu, nayo yakatosha kuyaonyesha maji njia ya kushukia. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa ya kizamani kabisa: kumwaga tuta kubwa la udongo bondeni, kuzizunguka nguzo, ili uzito ukandamize ardhi. Nadhani Grob angeikubali. Ni kanuni yake ileile, ongeza shinikizo upunguze kuvimba, isipokuwa hapa shinikizo lililetwa kwa malori.

Anayedhani kisa hiki ni cha wajenzi wa reli pekee aangalie mji wa Staufen, kusini magharibi mwa Ujerumani. Mwaka 2007 walitoboa matundu saba, kila moja kama mita 140, wapate joto la ardhini la kupashia ukumbi wa mji. Maji yenye shinikizo yakapata njia ya kuingia kwenye anhidraiti. Mji wa kale ukaanza kuinuka, nyumba zaidi ya 250 zikapata nyufa. Hakuna modeli ya kuta iliyohitajika kukosewa pale. Ilikosewa ramani ya maji.

Sasa turudi kwa yule kijana aliye mbele ya kompyuta, nimwambie ninavyoona inafaa aitumie, kwa sababu sipendi atoke hapa akidhani ni bora aizime.

Kwanza aipe modeli nafasi ya kumtisha. Aendeshe hesabu moja ambamo maji yamefika kila mahali chini ya sakafu, nyingine ambamo yamefika kwenye ukanda mmoja tu upande wa kushoto, nyingine ambamo hayakufika kabisa, kisha atazame ganda linavyoumia katika kila moja. Mara nyingi ataona kwamba kuvimba kwa upande mmoja, ingawa jumla yake ni ndogo, kunapindua ganda vibaya kuliko kuvimba kwa pande zote. Wastani aliouzoea unaficha hali hiyo. Matokeo ya hesabu hizo tatu ayaandike yote kwenye ripoti. Bosi atataka moja. Ampe tatu, amweleze kwamba tofauti kati yake ndiyo jibu.

Pili, asiingize kikomo cha muda bila kumwambia anayesoma kwamba amekiingiza. Vipimo vikija kutoka handakini asitazame tu kama mchoro umepita juu ya nukta. Atazame kama nukta zenyewe zinapinda. Zikiwa zimenyooka, modeli yenye kikomo haina mamlaka ya kusema lini zitapinda, hata kama mpaka leo haijakosea hata milimita.

La tatu ni la uamuzi zaidi kuliko hesabu. Kwa ganda la handaki katika mwamba wa anhidraiti kuna njia mbili zenye akili: kupinga kwa nguvu zote, kama Lilla ilivyoishia, au kuachia. Uswisi iliichagua ya pili katika handaki la Chienberg, kwenye barabara ya mchepuko ya mji wa Sissach. Sakafu ilipopanda wakati wa ujenzi, kazi ilisimamishwa na ramani ikachorwa upya: barabara ikawekwa juu, na chini yake ikaachwa nafasi na viungo vinavyokubali kubonyezwa, ili mwamba upande bila kuigusa lami mara moja. Handaki likafunguliwa Desemba 2006, mwezi uleule ambao treni zilianza kupita Lilla. Njia hii inafaa hasa pale kilima kilipo kifupi, kwa maana ukipinga kwa nguvu chini ya kilima kifupi unaweza kulinusuru handaki ukaunyanyua mteremko pamoja na vilivyo juu yake. Gharama yake ni kwamba nafasi uliyoacha inakwisha taratibu, na lazima awepo mtu wa kuipima kizazi hadi kizazi. Njia ya katikati, ya kuongeza unene kidogo na nanga chache sakafuni kwa sababu bajeti imeruhusu hivyo, modeli itakuchorea vizuri na mwamba utaivunja. Mfano wa bamba la mita moja hapo juu unaonyesha kwa nini.

Na kabla ya yote hayo, wakati mashine za kuchimbia bado zinanguruma, maji yasipelekwe sakafuni. Maji ya kutobolea na ya kupozea, na uvujaji wa mabomba, vyote huishia chini, kwenye mwamba uliofunguliwa nyufa siku hiyohiyo. Sakafu ifungwe mapema. Programu haina kitufe cha jambo hilo, na sijaona ripoti ya modeli inayolitaja kwenye ukurasa wa kwanza.

Handaki la Belchen, lile lililompa Grob vipande vya mwamba, lilifunguliwa mwaka 1970 likiwa na tyubu mbili, na matengenezo yake hayakukoma. Waswisi wana vipimo vyake vya miongo mitano, wana kanuni iliyozaliwa humo humo, wana maabara na vyuo vilivyoandika nusu ya kila kinachojulikana kuhusu kuvimba. Walipokaa kuamua la kufanya na sakafu zake, walichimba tyubu ya tatu pembeni, ya duara, iliyofunguliwa mwaka 2022, ili magari yapate pa kupita wakati tyubu za zamani zinafungwa moja baada ya nyingine na kubomolewa sakafu.